Kuhama na Bunduki Zako kutoka Texas hadi California

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna mtu anayemiliki bunduki nyingi kwa halali anavyoweza kuhama nazo kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine bila kuvunja sheria. Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo bunduki ya raia ina leseni yake na polisi wanajua imewekwa nyumba gani. Tukifika Texas tukakuta jimbo halina daftari la namna hiyo, tunadhani Marekani nzima iko hivyo, na dhana hiyo ndiyo inayomponza mtu siku anapofunga virago.

Naomba tuchukue mfano, nao ni wa kutunga. Mzee mmoja wa Houston, fundi mitambo aliyestaafu, anamfuata binti yake Sacramento, na kabatini ana bunduki kumi na moja alizozikusanya kwa miaka thelathini. Yeye huuita mkusanyiko wake, lakini sheria haiujui mkusanyiko. Inaijua bunduki hii na bunduki ile, na zinaweza kutoka kabati moja huku moja ikiwa halali kule iendako na jirani yake ikiwa kosa la jinai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaa mezani na daftari, tochi na kitambaa, akaandika kwa kila moja mtengenezaji, modeli, kipimo cha risasi, urefu wa mtutu, idadi ya risasi zinazoingia katika magazini yake, yaani kasha lake la risasi, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye bunduki kuukuu namba hiyo mara nyingi imefichwa na grisi iliyoganda, na tarakimu ya 3 isomwe vizuri isije ikaandikwa 8, kwa sababu fomu atakayoijaza baadaye itaidai namba hiyohiyo.

Daftari likishakamilika, aanze na sheria za serikali kuu. Sheria ya mwaka 1968 inamzuia raia asiye na leseni ya biashara kumuuzia au kumpa bunduki mkazi wa jimbo jingine, isipokuwa kwa njia chache kama urithi. Haimzuii mwenye mali anayehama makazi kuondoka na mali yake. Kwa bunduki za kawaida, basi, hakuna kibali cha kuomba Washington. Zinazohitaji ruhusa ni baadhi ya zile zinazotawaliwa na sheria ya mwaka 1934: rashasha, na bunduki ndefu za begani zenye mtutu uliopungua inchi 16, au inchi 18 kwa shotigani. Hizo hazivuki mpaka wa jimbo kabla ATF, idara inayosimamia silaha na vilipuzi, haijaidhinisha Fomu 5320.20. Kiwambo cha kuzuia sauti nacho kimo katika sheria hiyo ya 1934, lakini fomu hiyo hakikihusu. Hapo wengi hufurahi mapema, kwa maana California yenyewe imekipiga marufuku, na ukimya wa ATF hautamsaidia mtu mbele ya hakimu wa Sacramento.

California ndipo penye kazi kubwa. Mzee wetu akiingia kama mkazi mpya, ana siku 60 za kuziripoti bunduki zake kwa Idara ya Sheria ya jimbo hilo na kulipa ada, au kuziuza kupitia muuzaji mwenye leseni, au kuzikabidhi kwa polisi. Hilo ni jepesi, na kuna hata unafuu ambao huwashangaza watu: bastola isiyokuwamo katika orodha ya zile ambazo maduka ya California yanaruhusiwa kuuza kwa mteja wa kawaida, mhamiaji anaweza kuingia nayo na kuiripoti. Lakini siku 60 hizo hazihalalishi kilichokatazwa. Magazini ya zaidi ya risasi 10 haikubaliki kuingizwa tangu mwaka 2000, wala bunduki ya risasi kubwa za BMG, zilizobuniwa kwa rashasha ya Browning, za kipimo cha .50 tangu 2005. Silaha ambazo jimbo linaziita za mashambulizi zimegawanyika: zipo zilizotajwa kwa majina katika sheria ya mwaka 1989, Colt AR-15 ikiwa mojawapo, ambazo haziingii hata zikibadilishwa vipi, na zipo zinazokatazwa kwa maumbile yake, kwa mfano bunduki inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya kuchomoka na mpini wa kushika kama wa bastola. Hizi za pili fundi anaweza kuzibadilisha ziwe halali, ila mabadiliko yafanyike Houston kabla ya safari.

Vivyo hivyo kwa kuuza, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Leo, akiwa bado mkazi wa Texas, mzee anaweza kumuuzia mpwa wake wa Dallas bunduki isiyoweza kwenda, mradi mpwa huyo hana katazo la kisheria. Akishakuwa mkazi wa California, biashara ileile kati ya watu walewale itabidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Kisha kuna barabara. Sheria ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayetoka mahali anaporuhusiwa kuwa na bunduki kwenda mahali anaporuhusiwa, hata akikatiza jimbo lenye sheria kali. Masharti yake ni kwamba bunduki isiwe na risasi ndani, na bunduki na risasi zisifikike kutoka walipoketi watu; gari lisilo na buti litumie sanduku lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiwi kuwa sanduku. Ulinzi huo ni mwembamba kuliko unavyosomeka. Mwaka 2005 mkazi mmoja wa Utah aliyekuwa akisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania alikwama Newark, New Jersey, akachukua mizigo yake akalala hotelini. Asubuhi yake alirudi uwanjani, akatamka mwenyewe kwamba ana bastola, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipoishtaki mamlaka ya uwanja, mahakama ya rufani ya Philadelphia iliamua mwaka 2010 kwamba sheria ya 1986 haikumkinga, kwa kuwa usiku ule bastola ilikuwa mahali anapoweza kuifikia. Kosa la msafiri huyo lilikuwa kukosa usafiri wa kuendelea! Ndiyo maana namshauri mtu achague njia kwa ramani ya sheria: Texas, New Mexico na Arizona hazina shida kubwa kwa mzee wetu, ilhali anayekwenda kaskazini mashariki ana hesabu nyingine kabisa, na anayehamia New York na bastola anahitaji leseni ya jimbo kabla ya kuingia nayo.

Kuhusu kampuni za kuhamisha mizigo sina mengi. Sheria inaruhusu kuzitumia, lakini ziarifiwe kwa maandishi kwamba ndani ya shehena kuna bunduki, na nyingi zikiarifiwa hukataa. Mwenye leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale naye apeleke ATF ombi la kubadilisha anwani siku 30 kabla ya kuhama. Na kwa wale walio hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi, suala lenu si kuhama bali kumiliki kwenyewe, ambako kwenu kumekatazwa ila kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni hai ya uwindaji.

Mzee wetu, basi, ameondoka na bunduki saba kati ya kumi na moja, zikiwa tupu, kwenye sanduku la kufuli ndani ya buti, na daftari lake mfukoni. Akivuka Mto Colorado kwa barabara ya I-10 atafika kituo cha ukaguzi cha Blythe, ambako ofisa atamwinamia dirishani na kumuuliza kama amebeba machungwa au mimea, kwa sababu kituo kile ni cha kilimo. Atajibu hana, atapungiwa mkono apite, na siku zake 60 zitakuwa zimeanza kuhesabiwa.