Kifungo kimeisha, kesi haijaisha

Bapapa, bamama, na nyinyi wanafunzi wa sheria mliobanana kule nyuma, jambo! Umeme ndio huo umekatika, basi nitapaza sauti.

Leo ni mambo ya mapatano: wewe unakubali kosa, parke, yaani ofisi ya mashtaka, nayo inakuahidi kitu. Hapa Congo hatuna hiyo, tuko na ile faini unalipa parke dosie inafungwa, lakini si kitu kimoja. Marekani kesi nyingi sana zinaishia kwa mapatano.

Sikilizeni ya Santobello wa New York. Alishtakiwa mambo ya kamari, 1969, wakapatana akubali kosa dogo na majistra wa parke naye anyamaze, asimwombee adhabu yoyote. Miezi ikapita, siku ya hukumu akaja majistra mwingine kabisa, mgeni wa dosie, akaomba mwaka 1 mzima, yaani adhabu kubwa kabisa ya kosa hilo! Avoka akaruka: jamani, si tuliahidiana? Juji eti mimi hata sikuyatia maanani hayo maneno, na mwaka akatoa uleule.

Ni kama umelipia mfuko wa unga kwa mama wa soko, kesho unakuta mtoto wake kwenye meza, anakuambia "mimi sikukuahidi kitu". We! Meza si ni moja? Korti Kuu ya Marekani 1971 iliona hivyo, haikujali juji alisikiliza ao hakusikiliza, ikarudisha kesi New York wachague: ao ahadi ishikwe mbele ya juji mwingine, ao jamaa aruhusiwe kurudisha nyuma neno lake la kukubali kosa.

Sasa wewe umeshamaliza kifungo, uko nyumbani unakula bukari yako, ukate rufaa ya nini? Sibron, New York pia, alikuwa ameshaona miezi yake 6 ikaisha, parke ikasema kesi imekufa. Korti 1968 ikakataa, kwa sababu hukumu inabaki kwenye jina lako, kesho ukisimama tena kortini itasomwa, na hukumu yake ikavunjwa. Angalieni tu: alikata rufaa mapema, ila njia ilikuwa ndefu kuliko kifungo. Kwetu ni siku 10 tangu hukumu kusomwa ukiwepo, usingoje kutoka gereza la Kasapa ndipo utafute avoka.

Ndiyo mama, nimesikia: na miezi aliyokula ndani je? Hiyo hairudi. Anarudishiwa jina tu.