Usianze na Pembe: Kuitambua na Kuifufua Gramafoni ya Kale

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, habari za mchana. Karibuni.

Mashine hii hapa mezani, kila aliyeingia macho yake yametua kwenye pembe. Mnunuzi naye ni hivyohivyo, na mghushi analijua hilo. Ndiyo maana pembe huwa ya kwanza kughushiwa, na ndiyo maana leo tutaitazama baada ya sehemu nyingine zote.

Emile Berliner alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya gramafoni huko Marekani mwaka 1887. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ilileta Victrola, ambayo pembe yake imefichwa ndani ya kabati, lakini mashine za pembe ya nje ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baadaye. Huku kwetu, Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri hizo zilichezwa kwa mashine za kutia ufunguo, zisizohitaji umeme wowote.

Sasa utambuzi. Gramafoni nyingi za bandia hutengenezwa India kwa kuchukua injini ya gramafoni ya mkoba, kuitia kwenye sanduku jipya, mara nyingi la pande sita au nane, na kuichomekea pembe mpya ya shaba njano. Mbele hubandikwa bamba linalong'aa lenye picha ya mbwa, nembo ya HMV. Msibishane na mbwa. Ondoeni sahani inayozunguka, inueni ubao wa juu, mtazame ndani. Mkikuta skrubu za nyota kwenye mashine inayosemwa ni ya 1905, mjue zimetiwa baadaye, kwa sababu skrubu hizo zilipata hataza mwaka 1936. Mkikuta matundu yaliyozibwa, au tundu la hendeli lililotanuliwa kwa tupa, injini hiyo haikuzaliwa humo. Mbao za ndani nazo zitazameni: za zamani zimekolea rangi kwa umri, za bandia zimepakwa rangi juu ya mti mbichi. Kisha ushikeni mkono unaobeba kisanduku cha sauti, yaani kile kinachoshika sindano. Mkono halisi huteleza kwa wepesi bila kuchezacheza, na mara nyingi hupanuka kidogo kidogo kuelekea pembe. Wa bandia mara nyingi ni bomba nene lililonyooka, linalotikisika kwenye kiungo.

Mkisharidhika kuwa ni halisi, anzeni na springi inayoiendesha mashine. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana springi hii inaweza kukata vidole. Iacheni mashine ijizungushe mpaka isimame kabisa na hendeli isisukume tena. Hata hapo, ndani ya kopo lake springi bado imejibana. Vaeni glavu nene za ngozi na miwani, muitoe mzunguko mmoja mmoja kuanzia katikati. Grisi ya zamani huganda kama lami: matabaka hunatana, kisha huachiana ghafla, ndipo mnaposikia kishindo na santuri kuruka mwendo. Osheni kwa mafuta ya taa, kausheni, mpake vaselini iliyochanganywa na unga wa grafiti. Ncha ya nje ikiwa imekatika, pasheni moto ncha hiyo peke yake, sentimita tatu hivi, iacheni ipoe polepole, mtoboe tundu jipya. Mkipasha zaidi ya hapo mtaiua nguvu yake.

Gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo, ina vizito vitatu juu ya vibamba vyembamba vya chuma. Kibamba kimoja kikipinda, sauti inayumba, na ni bora kubadili vyote vitatu pamoja. Kipande cha ngozi kinachoibana kiwekeeni tone moja la mafuta ya cherehani, maana kikiwa kikavu kitapiga kelele.

Kisanduku cha sauti ndicho roho ya mashine. Ndani yake kuna utando wa ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa Uluguru, ukiwa umeshikwa ukingoni na mipira miwili. Mpira wa miaka mia huwa mgumu kama mti, na utando ukibanwa na kitu kigumu, hukoroma. Mpira wa valvu ya baiskeli unafaa sana. Kabla ya kufungua skrubu ndogo ya katikati, pasheni kwa upole nta inayoiziba, la sivyo ulanga utapasuka. Kateni mpira kwa wembe ili ncha zikutane sawasawa: pengo litavujisha hewa, na ncha zikipandana zitauponda utando. Mkirudisha mkono mdogo wa sindano ulio kwenye kisanduku, uguse utando bila kuuvuta wala kuusukuma. Kisha zibeni katikati kwa tone la nta ya nyuki. Ya Manyoni au Kondoa inatosha, ikiwa safi.

Sehemu za aloi ya zinki zikionyesha nyufa, msizilazimishe. Aloi mbovu huvimba na kupasuka yenyewe kwa ndani, wala hakuna gundi ya kuiponya. Tafuteni nyingine.

Sanduku msilisugue kwa msasa. Vanishi ya zamani ni shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, na spiriti huiyeyusha. Santuri zenyewe pia zina shelaki, kwa hiyo zisafisheni kwa maji na sabuni kidogo, lebo isilowe. Hapa Dodoma viungo vya mbao huachana kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba. Msizibe nyufa hizo kwa unga wa mbao na gundi, maana mvua zikija mbao zitavimba na kupasuka pengine.

Sasa pembe. Mibonyeo mpeni fundi bati mwenye nyundo ya mti, aigonge juu ya gogo la mviringo. Rangi ya asili iacheni, hata ikiwa imebanduka.

Mwisho, mwendo. Wekeni alama ya karatasi kwenye sahani, mhesabu mizunguko 78 kwa dakika sindano ikiwa juu ya santuri, kwa sababu uzito wake hupunguza mwendo. Santuri za kabla ya 1925 nyingine zilirekodiwa polepole zaidi au kwa kasi zaidi, kwa hiyo sikilizeni sauti ya mwimbaji ndipo mrekebishe. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa santuri, kisha itupwe. Na santuri za LP, zile za plastiki, msiziweke kabisa kwenye mashine hii: kuzicheza mara moja tu kunatosha kuziharibu.