Tumerudi, na Theluji Imeondoka

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Asalaam aleykum nyote mnaonitazama, Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, na ndugu zetu mlioko Maskati. Leo naongea nikiwa nje. Nimekaa ngazini mbele ya nyumba, koti zito nimeliacha ndani, nina sweta na kanga mabegani basi. Ngoja nigeuze simu muone. Ule mti mkubwa upande wa jirani, tazameni ncha za matawi, zimeanza kuvimba, siku chache zijazo zitapasuka majani. Na lile rundo jeusi pembeni ya gereji ndiyo theluji ya mwisho. Limekuwa jeusi kwa mchanga na vumbi la barabarani. Likipata siku tatu za jua hamlioni tena.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu turudi. Tumeiacha Tanga masika yamekolea, mvua inapiga mabati usiku kucha na shangazi yangu anapanga ndoo chini ya mchirizi. Dar, Amsterdam, mpaka hapa kwetu Minneapolis, Marekani, na magoti ya mzee wangu, mume wangu, yamevimba kama mandazi. Ukishuka huku saa yako iko nyuma ya Tanga kwa saa nane, kwa hiyo usiku wa manane tuko macho wawili jikoni tunatazamana, tunachemsha chai. Siku tano hivi tumeishi hivyo. Sasa tunalala.

Watu wa huku wanaita wakati huu springi, vitabuni tunasoma majira ya machipuko. Sisi tuliokulia pwani tunajua kusi na kaskazi, masika na vuli, jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hulifikirii. Huku mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Saa kumi na nusu! Sasa, katikati ya Aprili, linazama karibu na saa mbili usiku. Maghribi imesogea, Alfajiri nayo inazidi kuwahi. Mwili wa mtu mzima unayasikia hayo yote.

Mmeniandikia wengi mkiuliza nyumba tunaiachaje miezi mitatu kwenye baridi kali. Niwaeleze vizuri, maana kuna vijana wetu wamenunua nyumba huku juzi juzi na hakuna aliyewaambia. Kabla ya kusafiri, mwezi wa Januari, tunafunga koki kuu ya maji. Kisha tunafungua mabomba yote ya ndani, maji yaliyobaki yatoke. Joto la nyumba hatulizimi, tunaliacha kwenye nyuzi 13. Maji yakiganda yanatanuka, na bomba la shaba haliwezi kushindana nayo, linapasuka. Ubaya wake ni kwamba ufa huuoni wakati wa baridi, kwa kuwa barafu yenyewe imeuziba. Unauona springi.

Mwaka juzi yalitukuta. Tulisahau mpira wa maji ukiwa umefungwa kwenye bomba la nje, lile la kumwagilia bustani. Maji yakabaki ndani ya bomba, yakaganda, yakapasua kipande kilichopita ukutani. Tuliporudi mzee akafungua bomba amwagilie, nje maji yanatoka vizuri tu, kumbe chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi, yanamwagika ukutani. Tulipoteza sanduku la picha. Picha za harusi yetu, picha ya marehemu mama amesimama Raskazone, kule Tanga. Nililia sana siku ile. Kwa hiyo nawasihi wanangu, kabla ya baridi vueni mpira, ukauke, muuingize ndani. Ni kazi ya dakika mbili.

Mwaka huu tulifungua koki kuu taratibu, mzee amesimama chini na tochi, mimi juu jikoni. Akaita, "Kukavu!" Alhamdulillahi.

Haya, na matope. Dada mmoja wa Korogwe aliniandikia, "Kumbe Marekani nako kuna matope?" Yapo, tena yana sababu yake. Baridi ya huku inagandisha udongo kwenda chini. Ukijenga nyumba sehemu zetu hizi, msingi lazima uende chini zaidi ya mita moja, usije ukainuliwa na barafu. Springi ikija, udongo wa juu unayeyuka kwanza na wa chini bado ni jiwe. Maji hayana pa kwenda, yanakaa hapo juu. Usiikanyage bustani wakati huu, utaushindilia udongo na mboga hazitaota vizuri. Mbegu za nyanya ninazo ndani dirishani kwenye vikopo. Nje hazitoki mpaka katikati ya Mei, maana umande wa barafu unaweza kurudi usiku mmoja ukaua zote. Mchicha ndiyo kabisa, unataka udongo wa moto, naumwaga mwisho wa Mei.

Sasa nirudi kwenye ule mti.

Ule ni mmepo, kwa Kiingereza maple. Utomvu wake ni mtamu, na hutiririka mwishoni mwa baridi tu, kwenye wiki zile ambazo usiku kunaganda na mchana kunayeyuka. Jirani yetu alikuwa akiutoboa kila mwezi wa Machi, anachomeka kibomba, anatundika ndoo. Mara ya kwanza mzee wangu alipomwona, miaka mingi iliyopita, aliniita dirishani, "Njoo uone mgema wa Kizungu!" Tangu siku hiyo tukamwita Mgema, na yeye akalipenda jina, akawa anawaeleza wenzake maana yake, jinsi watu wa kwetu wanavyopanda mnazi. Utomvu ule huchemshwa saa nyingi mpaka uwe mzito kama asali, na ndoo 40 hukupa kama ndoo moja tu ya ile asali. Watu wengi huku wananunua dukani. Yeye alichemsha mwenyewe, hapo nyuma ya nyumba yake, moshi unapaa.

Kila tukirudi tulikuta chupa moja mlangoni kwetu. Nasi tulikuwa tunamletea majani ya chai na iliki za Amani, kule milimani Usambara. Mwaka huu tumezileta vilevile. Nimezifunga mwenyewe kwenye gazeti, nikazitia katikati ya sanduku zisipondeke.

Tulifika usiku. Asubuhi nikafungua pazia, ndoo hazipo mtini. Nikamwambia mzee, labda amemaliza mapema. Mlangoni hakuna chupa. Tukanywa chai, hatukusema kitu, lakini wote tulikuwa tunatazama upande ule. Mwisho mzee akavaa viatu akaenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi akaniambia, "Mgema ametutoka. Mwezi wa pili."

Mwezi wa pili sisi tuko Ngamiani, kule Tanga, tunajiandaa na Ramadhani.

Na kuna jambo jingine aliloniambia ambalo hadi sasa likinijia nashindwa kuongea. Tulimwachia marehemu ufunguo, awe anapita mara moja kwa wiki kuangalia joto na mabomba. Alipofariki, mkewe aliendelea. Mama wa miaka 80 na zaidi, ametoka kumzika mumewe, anavuka barafu na mkongojo kuja kuangalia kama nyumba yetu iko salama. Hakutuandikia. Alisema hakutaka tukatize safari yetu na ndugu zetu.

Nilimpelekea zile chai. Nilijifunga kanga nikaenda, nikamkumbatia, tukakaa. Huku mazishi huwa hayana matanga, ndugu zangu. Hakuna mikeka, hakuna watu kulala siku tatu. Watoto wake walikuja kwa ndege, wakazika, wakarudi makazini. Wakati wa baridi kila mtu yuko ndani, milango imefungwa, magari yanaingia gereji na kutoka gereji, unaweza kukaa miezi minne hujaona uso wa mtu wa nyumba ya tatu. Springi ndiyo watu wanatoka na reki zao, ndipo mnajua nani amezaa, nani ameugua, nani hayupo. Mwaka huu nimejua mambo matatu ya namna hiyo katika mtaa mmoja, mtoto mmoja na maiti wawili.

Kwa hiyo hilo swali mnaloniuliza kila safari, "Mmeshastaafu, mbona hamrudi nyumbani moja kwa moja?", leo nataka nilijibu kwa moyo wote. Kwanza niseme ya karatasi. Sisi tulishachukua uraia wa huku, na Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo kwetu tumekuwa tukiingia kwa viza, siku 90 kisha utoke. Naumia kila ninapopanga foleni ya wageni, sitaficha. Pesa ya uzeeni tuliyoichangia, mimi kwa kuhudumia wazee kwenye nyumba yao na mzee kwa kuendesha basi, hiyo inatufuata hata Tanga. Bima ya matibabu ya wazee, Medicare, kwa kawaida haitufuati. Na mzee moyo wake unahitaji daktari. Kuna wajukuu wanne pia. Jumamosi tuliwapeleka kwenye maporomoko ya Minnehaha, hapa hapa mjini, maji yanadondoka kutoka mita 16 hivi. Wakati tunaondoka yalikuwa nguzo ya barafu. Mdogo aliniuliza, "Bibi, yameamka?"

Lakini hata hayo yote yangeondoka, ungebaki mlango ule pale. Mtu aliyeilinda nyumba yangu akiwa msibani, nitamwambiaje kwamba hapa si kwangu? Tanga ni nyumbani. Hapa napo nimerudi nyumbani, na nataka muache kunipa pole kwa kurudi. Mnapoandika "pole, mmerudi utumwani", mnanitia huzuni. Niambieni karibu.

Basi sikilizeni tulichofanya wiki hii. Mzee ana benchi alilitengeneza mwaka jana kwa mbao za uzio wa zamani. Tulikuwa tunaliweka nyuma ya nyumba, kama wenzetu wa huku, kila mtu na uwanja wake wa nyuma. Juzi tumelibeba tukalileta huku mbele, ndilo hili. Ndiyo baraza letu. Jioni baada ya Alasiri tunatoka na chupa ya chai na vikombe vya ziada. Siku ya kwanza watu walipita wakapunga mkono. Siku ya pili yule kijana Msomali wa mtaa wa nyuma akakaa. Jana tulikuwa sita, na wawili kati yao wamekaa mtaa huu miaka kumi hawajawahi kujuana majina. Upepo ukija upande huu tunaisikia adhana. Toka mwaka 2023 jiji hili linaruhusu iadhiniwe kwa kipaza sauti swala zote tano, lakini wakati wa baridi madirisha yamefungwa hatuipati. Jana ya Maghribi ilifika vizuri kabisa, mzee akanyamaza katikati ya neno.

Yule mama bado hajaja. Kila siku tunamwekea kikombe. Leo asubuhi nilikwenda nikamwambia nitapika vibibi, vya mchele na nazi, nikamweleza namna tunavyovila na asali. Akanitazama, akasema ndani kuna chupa moja ya mwaka jana, hajaweza kuifungua.

Unga umeshaumuka, nausikia harufu hapa. Ngoja niwageuzie simu tena. Mnauona mlango wake, ule wa kijani? Unafunguka. Mzee! Mzee, nenda ukamshike mkono, pale ngazini pana maji. Naizima simu, wapenzi wangu, nakwenda kuweka chuma motoni.