Njia Yangu, Barabara Yetu
(Mhadhara kwa wanafunzi wa uanahabari, Kisumu)

Wanafunzi wapendwa, walimu wenzangu, hamjambo.

Nitaanza na sentensi mbili ambazo mtaziandika mara nyingi kuliko mnavyotamani. "Mzee huyo alifia njiani." "Mzee huyo alifia barabarani." Msikilizaji aliyezoea Kiswahili akisikia ya kwanza anamwona mzee kalazwa kwenye kiti cha nyuma, anakimbizwa hospitali, roho inamtoka kabla hawajafika. Akisikia ya pili anaona lami, gari limegonga, watu wamejaa. Sasa fikirieni binti yake yuko Nakuru, anasikiliza taarifa yenu ya saa moja. Neno moja tu ndilo litakalomweleza kilichomsibu baba yake. Ndiyo maana nimekuja kuzungumzia maneno haya ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Tuanze na njia. Njia ni ya yule anayekwenda. Tunasema ameshika njia, amepotea njia, nipishe njia, mpita njia. Msafiri aliye kwenye feri kutoka Mbita kuelekea Luanda Kotieno, maji pande zote, akipigiwa simu atajibu, "Niko njiani," na hakuna atakayemuuliza ni njia gani hiyo ziwani. Reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901 tunaiita njia ya reli. Daktari anazungumza juu ya njia ya hewa na njia ya mkojo. Mama mjamzito tunasema mtoto yuko njiani. Hata namna ya kufanya jambo ni njia: kwa njia ya mazungumzo, kwa njia ya mkato. Popote kitu kinapopita kutoka hapa kwenda pale, njia ipo, awepo wa kuijenga au asiwepo. Neno lenyewe ni la kale katika lugha za Kibantu. Mkikuyu wa Nakuru ana njĩra yake, Mkongo anayesema Kilingala ana nzela, Mshona ana nzira.

Barabara ni kitu kingine. Barabara hujengwa, hukarabatiwa, hufungwa, huzinduliwa kwa kukata utepe. Tena lina pacha wake tunayemtumia kila siku bila kumtazama: nimekuelewa barabara, fanya kazi barabara, yaani sawasawa, ipasavyo. Asili yake ni Kiajemi, barābar, neno la usawa. Nenda mashamba ya mpunga ya Ahero wakati wa masika, uone udongo ule mweusi unavyoshika gumboti hadi mtu anabaki na mguu mtupu. Mkulima pale atakwambia, "Njia imeharibika," huku akionyesha kijia kinachopita kando ya mfereji. Hatasema barabara. Kitu ambacho hakijasawazishwa bado hakijafikia jina hilo.

Nina kipimo kimoja ninachokipenda, na naomba mkijaribu nyumbani. Weka neno la kumiliki. "Acha nishike njia yangu" ni Kiswahili safi. "Acha nishike barabara yangu" hakuna asemaye hivyo. Lakini sikiliza wanakijiji waliojitokeza kudai: "Tunataka barabara yetu!" Njia ni yangu, barabara ni yetu. Moja ni ya miguu ya mtu mmoja, nyingine ni mali ya umma, inayojengwa kwa kodi na inayoweza kudaiwa. Mwanasiasa akisimama jukwaani akasema "barabara yangu", sikio la Mswahili linashtuka, na ninyi mna haki ya kumuuliza ilikuwaje ikawa yake.

Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini, na ya barabara za mashambani. Wananchi wao hugawa kwa kinachokanyagwa: lami, changarawe ambayo wengi huita maramu, na vumbi. Wakidai husema tu, "Tunataka lami," au rami, kama utakavyosikia sana Nakuru. Andikeni lami, lakini mkimnukuu mama aliyesema rami, muacheni na rami yake.

Hapa nikae kidogo, kwenye mahali ambapo njia hugawanyika. Ukitoka Nakuru, ukifika Mau Summit, gari la Kisumu linakata kushoto kuelekea Kericho, la Eldoret na Malaba linaendelea mbele. Pale ni njia panda, na panda ni ile pacha ya tawi la mti, kama ya manati ya watoto. Pia unaweza kupaita makutano, na vijana husema jankshen. Ni mahali pamoja, ila maneno hayatazami upande mmoja. Makutano humwona aliyetoka Eldoret na aliyetoka Kericho wakikutana. Njia panda humwona mtu mmoja, na lazima achague. Kwa hiyo aliyekwama kimawazo husema yuko njia panda, hasemi yuko makutano. Waliotuachia methali kwamba njia mbili zilimshinda fisi walilijua jambo hili vizuri.

Tuelekee mpakani. Busia na Malaba kuna njia za panya, zile za kupitisha sukari au mahindi nyuma ya migongo ya maafisa wa forodha. Hakuna barabara za panya. Barabara inaonekana, panya hataki kuonekana. Mijini nako matatu inayokwepa msongamano kwa kupitia vichochoro tunasema imepita panya ruti. Na ni Busia hiyohiyo iliyotupa bodaboda, kutokana na wenye baiskeli waliovusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka, boda hadi boda. Leo pikipiki ya Kakamega ambayo haijawahi kuona mpaka inaitwa hivyo, na neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Jivunieni, limetoka kwenu.

Limebaki neno mtaa, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi magazetini. Mkenya akisikia mtaa anafikiria wanakoishi watu: mtaa wa Nyalenda, mtaa wa Manyatta, Bondeni kule Nakuru, mtaa wa mabanda. Mtafsiri aliyekaa na kamusi peke yake anageuza Oginga Odinga Street kuwa "mtaa wa Oginga Odinga", kisha anaandika kwamba moto umezuka huko. Msomaji wa Kisumu anaanza kujiuliza ni nyumba za nani zinaungua, kumbe ni duka la mjini. Tanzania hali ni tofauti: kule mtaa ni barabara ya mjini na pia ni eneo lenye mwenyekiti wake, na wako sahihi kwao. Ninyi mkiandikia wasikilizaji wa hapa, semeni barabara ya Oginga Odinga, kisha tajeni iko karibu na steji gani. Na kama matangazo yenu yanafika Sirari, upande wa Tanzania, ng'ambo ya Isebania, tajeni pia jengo linalojulikana, ili msikilizaji wa kule naye apajue mahali penyewe.

Karibuni kwa maswali.