Wa Pili Aliyeazimwa

Ndugu zangu, mwanafunzi anayejifunza Kiingereza akishaona "four" imezaa "fourth" na "six" imezaa "sixth", huuliza: mbona "one" haizai kitu?

Tujitazame kwanza sisi. Hatusemi "mtoto wa moja". Twasema wa kwanza, na humo mnakisikia kitenzi kuanza. Waingereza nao hawakuitumia "moja". "First" zamani ilikuwa "fyrst", aliye mbele kuliko wote. Wajerumani wana ndugu yake, "Fürst", nao humwita hivyo mtawala.

Lakini penye utamu hasa ni kwa wa pili. Kiingereza cha Kale hakikuwa na "second". Kilikuwa na "other", neno lililobeba "wa pili" na "mwingine" kwa pamoja. Hebu fikirini wosia unaosema shamba apewe mtoto mwingine, na watoto wako watano! Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala mahakamani na kwa wakubwa, na kufikia miaka ya 1300 hivi "second" ikawa imeingia. Asili yake ni Kilatini "secundus", anayefuata. Kuanzia wa kwanza hadi wa kumi, ni huyo tu aliyeazimwa. "Other" ya zamani ingali hai katika "every other day", siku moja ndiyo, moja hapana.

Na sekunde yetu ya saa imetoka humo humo. Wasomi wa Kilatini waliigawa saa katika vipande vidogo, ndizo dakika. Kisha wakaigawa kila dakika, mgawanyo wa pili.

"Third" ilikuwa "thridda", kisha r na irabu zikapishana. Sauti ya zamani, r kabla ya irabu, imebaki Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako hadi 1974 sehemu tatu za utawala ziliitwa "Ridings", yaani theluthi. "Fifth" na "sixth" ziliishia kwa t, zikaja kuiga "fourth".

Sasa matumizi. Sisi tukipita kumi twarudi kwenye hesabu: wa ishirini na mbili. Waingereza hubadilisha neno la mwisho: "twenty-second". Hata wao, Biblia yao ya 1611 ina "one and twentieth", wa ishirini na moja, ambamo "one" imebaki ilivyo. Kwa hiyo, walimu wenzangu, mtoto akiandika "twenty-twoth", msimcheke. Amefuata mantiki ya lugha yake bila kukosea hata hatua moja. Mwonyesheni tu pale ambapo Kiingereza kimechepuka.