Kuchungulia chini ya Bonde la Ufa kwa ramani ya uvutano

Karibuni tena. Leo tunachungulia chini ya Bonde la Ufa, upande wa Kenya, bila kuchimba hata shimo. Fungua QGIS, programu ya bure, kisha pakia WGM2012, ramani ya uvutano ya dunia nzima. Hakikisha umechukua ile ya Bouguer, yaani iliyoondolewa uvutano wa milima na mabonde. Ile ya hewa huru bado imebeba milima na mabonde, utajikuta unasoma sura ya nchi ambayo macho yanaiona tayari.

Kabla ya kufurahia rangi, soma namba. Kipimo ni miligali, kizio cha nguvu ya uvutano. Uvutano mzima wa dunia ni kama miligali 980,000. Sisi tunahangaika na tofauti za makumi na mamia tu, juu au chini ya uvutano unaotarajiwa. Namba ikishuka, chini kuna upungufu wa uzito. Ikipanda, kuna miamba mizito zaidi.

Sogeza ramani hadi Naivasha. Unaona eneo lililozama chini ya miligali −150? Linaenea mamia ya kilomita, mbali nje ya kuta za bonde. Kitu kipana hivyo hakiletwi na mashapo ya bondeni. Chanzo chake kiko chini ya ganda la dunia, kwenye mwamba wenye joto kali uliotanuka na kupungua densiti (uzito kwa ujazo).

Sasa chora mstari kutoka magharibi hadi mashariki, ukate bonde, utoe grafu yake. Hapa twende polepole, maana ndipo penye utamu. Katikati ya mzamo ule mpana, grafu inainuka: kilima chembamba kinachofuata mhimili wa bonde. Ajabu, kwa sababu bonde limejaa majivu ya volkano na mashapo mepesi, ungetegemea pashuke zaidi. Wataalamu wengi husema ni magma nzito, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya kwenye ganda ikaganda humo.

Iko kina gani? Pima upana wa kilima kwenye nusu ya kimo chake, gawa kwa mbili. Kwa umbo refu, kama gogo lililozikwa, jibu hukaribia kina cha kitovu chake. Lakini usiliamini sana: umbo pana lililo karibu na uso hutoa kilima kilekile.

Kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili. KRISP, mradi wa kimataifa wa kuchunguza Bonde la Ufa la Kenya, mwaka 1985 na 1990 ulitumia vilipuzi na kupima mawimbi ya mtetemo: ganda ni kama kilomita 35 karibu na Naivasha, lakini kama 20 tu Turkana. Ingiza unene huo kwenye modeli yako, yaani mchoro wa kompyuta wa miamba ya chini unaokokotoa uvutano wake, na usiuguse tena. Kinachobaki ni kuchezea densiti za miamba hadi mstari wa hesabu ulale juu ya ule wa ramani.