Boksi Limefika Zima, Bodi Imefika Maiti

Asanteni, kaeni. Shikamooni wakubwa mliokaa nyuma kule, na nyie vijana, habari za tangu asubuhi. Nimepewa nusu saa nizungumzie ufungashaji wa vifaa vya elektroniki vinavyosafirishwa. Najua wapo walioliona hilo neno "ufungashaji" wakasema moyoni, hii si kazi ya fundi, hii ni kazi ya yule kijana wa dukani mwenye selotepu. Siwalaumu. Na mimi niliamini hivyo kwa miaka, mpaka ikanila bodi mbili na rafiki mmoja.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wakati huo nilikuwa na meza yangu Kariakoo, upande wa Aggrey, nauza bodi za kompyuta mpakato zilizotumika, ule ubao mkuu wa ndani unaobeba prosesa na chipu. Fundi mmoja wa Dodoma akaagiza moja. Niliijaribu mbele ya watu, ikawaka vizuri kabisa. Nikachukua ile foamu nyeupe inayokuja na runinga mpya, nikaikata vipande viwili, bodi nikaiweka katikati kama nyama ndani ya mkate, nikaitia kwenye boksi la viatu, selotepu mizunguko sita, kijana akaikimbiza stendi ya Mbezi. Kesho yake simu: "Kaka, hii kitu haiwaki." Akanitumia picha ya boksi. Halikuwa na hata kona iliyobonyea. Nikajua, au nilidhani najua, kwamba mwenzangu ananifanyia mchezo wa mjini: amebadilisha bodi, ananirudishia mbovu yake. Nikatuma ya pili ili yaishe, nimeifunga vilevile. Nayo ikafika imekufa. Hapo maneno tuliyopeana siwezi kuyarudia mbele ya kina mama.

Sasa nataka mkumbuke siku mnayofungua boksi la runinga. Ukivunja ile foamu nyeupe, zile punje zake zinafanyaje? Eeh, zinang'ang'ania. Unapangusa mkono wa kulia zinahamia wa kushoto, unapuliza hazitoki, zinapanda hadi kwenye mkono wa shati. Mnadhani zina gundi? Huo ndio umeme tuli, mnauona kwa macho. Foamu ile ikisuguana na kitu chochote inajaa chaji, yaani umeme huo unajikusanya juu yake, na mimi bodi niliilaza juu yake, ikasuguliwa kilomita 450 na zaidi, tuta baada ya tuta, mpaka Dodoma.

Mtu wa kawaida hausikii huo umeme ukimruka mpaka ufike kama volti 3,000 hivi. Chini ya hapo husikii chochote, hata ule mshtuko mdogo wa kushika kitasa hupati. Lakini vipo vijenzi, zile sehemu ndogondogo zilizopachikwa kwenye bodi, vinavyoungua chini ya volti 100. Pimeni tofauti hiyo. Unaweza kuua kitu mara thelathini bila kujua kwamba umekigusa vibaya. Na si lazima kife palepale. Mara nyingine kinajeruhiwa tu, kinafika, kinawaka, mteja anakushukuru, halafu wiki ya tatu kinazimika, na wewe unaanza kuapa kwamba ulimpa kizima. Unaapa kweli, na kizima hukumpa.

Mtaniuliza, mzee, mbona hapa Dar tunashika bodi kwa mikono mitupu, tunazipanga kwenye magazeti, tunazitia kwenye mifuko ya kawaida, na zinawaka? Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo. Jibu ni kwamba unyevu wa Dar umetudekeza. Hewa yetu ina maji mengi, na utando mwembamba wa unyevu unaokaa juu ya vitu unaivujisha chaji taratibu kabla haijajikusanya. Katika vitabu vya fani yetu kuna jedwali maarufu: mtu akitembea juu ya zulia kwenye hewa kavu anaweza kubeba hadi volti 35,000, akitembea juu ya zulia hilohilo kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 mpaka 90, anabeba kama 1,500 tu. Kuokota mfuko wa plastiki mezani: kwenye ukavu volti 20,000, kwenye unyevu 1,200. Sisi tumejifunzia kazi upande wa pili wa jedwali, kwenye jasho, halafu tunatuma mizigo Dodoma na Singida mwezi wa saba na wa nane, midomo ya watu inapasuka kwa ukavu. Tabia tumeilea pwani, hasara anaipata mtu wa bara.

Na msijidanganye kwamba mkiwa Dar mko salama saa zote. Kiyoyozi kinakausha hewa. Humu ndani leo, kwa baridi hii waliyotuwashia, nisingeshika bodi bila kujimaliza chaji kwanza.

Haya, mifuko. Nimekuja nayo, ipitisheni. Ule wa waridi wengi mnaujua, na wengi mnauamini kupita kiasi. Kazi yake ni moja: wenyewe hauzalishi chaji unaposuguana na bodi. Basi. Haukingi kitu. Chaji ikitoka nje, mkononi mwa mtu au kwenye plastiki nyingine, inapenya mpaka ndani. Na ile dawa iliyochanganywa humo inafanya kazi kwa kuvuta unyevu wa hewani, maana yake kwenye ukavu inapungua nguvu, na kadiri mfuko unavyozeeka inaisha. Mfuko wa waridi uliokaa dukani miaka minne ni mfuko wa kubebea nyanya, bahati mbaya tu ni kwamba una rangi nzuri.

Ule wa rangi ya fedha, unaong'aa na unaoona ndani kwa mbali kama kupitia miwani ya jua, ndio wa kukinga. Una tabaka jembamba la metali katikati. Fikiria nyumba ya bati tupu, paa na kuta zote: radi ikipiga bati, umeme unazunguka nje. Faraday alilionesha jambo hili mwaka 1836 kwa chumba alichokifunika metali, yeye mwenyewe akiwa ndani. Lakini nyumba hiyo ina masharti. Mdomo lazima ufungwe. Ukiacha wazi umejenga nyumba bila ukuta wa mbele. Ukiwa na tundu, tupa. Umekunjwa mpaka umepata mistari meupe, tupa pia, metali imeshakatika. Na jamani, acheni hii tabia ya kuutandika mfuko mezani halafu bodi inakaa juu yake. Ulinzi uko ndani.

Mweusi nao upo, wenyewe unapitisha umeme mwili mzima. Bodi yenye ile betri ya duara kama kitufe usiitie humo na betri yake, utaikuta imeisha. Itoe, ifunge pembeni.

Tuache umeme, tuje kwenye kuanguka. Hapa nataka mtu mmoja anisaidie hesabu. Njoo kijana wangu. Mzigo umetoka kwenye buti la basi, kuli amechoka, umemponyoka kutoka urefu wa mita moja. Umeanguka kwenye sakafu ya zege. Swali si umeanguka kutoka wapi, swali ni umesimama kwa urefu gani. Kama ndani hakuna kitu, boksi linabonyea milimita mbili na safari imeisha. Gawanya: milimita 1,000 kwa 2. Ngapi? 500. Maana yake kwa ule muda mfupi kila kitu kwenye ile bodi kimekuwa kizito mara 500. Sasa tazameni hiki chuma cha kupooza prosesa. Gramu 200. Mara 500 ni ngapi? Kilo 100! Gunia la mahindi, wazee wangu, limening'inia kwenye skrubu nne na kipande cha ubao wa fibaglasi. Halafu tunashangaa kwa nini vijipira vya risasi ya kulehemu chini ya prosesa vimeachia.

Sasa weka sentimita 5 za foamu laini kila upande. Haitabonyea yote, tuseme imebonyea nusu, milimita 25. Gawanya tena. 40. Gramu 200 zimekuwa kilo 8. Gunia limekuwa ndoo isiyojaa. Hakuna uchawi hapo, umempa mzigo muda wa kusimama. Ndiyo maana kampuni nyingi za usafirishaji duniani zinasisitiza hizo sentimita 5 kila upande, na sita ziko: juu, chini, na kuta nne. Watu wetu wanajaza chini na juu, pembeni wanaacha kama vile mizigo huangukia tumbo tu. Kitu chenye chuma kizito, kama unaweza, kitenganishe; chuma kisafiri kivyake, bodi kivyake.

Kuna makosa mawili yanayofanana na ndugu. La kwanza ni sponji laini mno, lile la kuoshea vyombo: kitu kizito kinaibana mpaka mwisho halafu kinagonga ukuta kama hakukuwa na kitu. La pili ni kushindilia magazeti mpaka boksi limekuwa tofali. Tofali halisimami taratibu. Ile nailoni ya malengelenge ambayo watoto wanapenda kuipasua ni nzuri sana kwa vitu vyepesi. Walioibuni Marekani mwaka 1957 walikuwa wanatafuta karatasi ya ukutani yenye mabonde, ikawashinda kuiuza. Ilipata kazi yake ya maana baadaye, IBM ilipoanza kuitumia kusafirishia kompyuta zake. Kwa hiyo malengelenge na elektroniki ni jamaa wa zamani. Ila iliyo wazi ya kawaida isiguse bodi, nayo inazalisha chaji. Kwanza mfuko wa fedha, ndipo malengelenge. Ukimaliza, tikisa boksi karibu na sikio. Likisema ngo-ngo, fungua uanze upya.

Boksi lenyewe nitalipitia haraka. Nguvu yake iko kwenye kona, kwa hiyo kona ikishalegea halifai hata kama uso wake unang'aa. Katoni iliyonyeshewa masika ikakauka haijarudi kuwa ilivyokuwa. Na ile alama ya glasi uliyochora kwa kalamu nene, wewe ichore tu, lakini fungasha kama vile hakuna atakayeiona, kwa sababu saa kumi alfajiri pale stendi hakuna atakayeiona.

Nilisema unyevu wetu umetudekeza. Sasa upande wake mwingine. Kuna mteja wangu Njombe alinirudishia bodi ya matengenezo mwezi wa sita. Ilipakiwa jioni kwenye baridi ile mnayoisikia, ikafika hapa mchana. Kijana wangu akaifungua palepale kwenye joto, akaichomeka. Mmewahi kutoa soda kwenye friji mkaiona inatoka jasho? Bodi nayo ilitoka jasho, chini ya chipu ambako huwezi kuona. Mzigo uliotoka baridini uache umefungwa saa kadhaa, mpaka ushike joto la chumba, ndipo uufungue.

Na vile vipakiti vya punje vilivyoandikwa usile. Kile ulichokiokota kwenye boksi la viatu ukakiweka mezani tangu juzi kimeshashiba maji ya Dar, hakivuti tena hata tone. Vitunze kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, utoe unapofunga tu.

Wanaonunua chipu mpya zikiwa kwenye mfuko mzito wa alumini wenye kikadi cha madoa ya kuonesha unyevu, someni lile karatasi la nje. Zile za daraja la 3 la kudhurika kwa unyevu zinapewa saa 168 tangu kufunguliwa, siku saba, na saa hizo zimehesabiwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Nitajieni meza moja Kariakoo yenye hali hiyo mwezi wa pili. Haipo. Zikishanyonya maji halafu ukazipiga hewa ya moto ya kulehemu, maji yanageuka mvuke na chipu inapasuka kama bisi.

Betri, kwa ufupi: iliyovimba haisafiri, na nzima ifunikwe vichwa vyake kwa selotepu. Betri za lithiamu-ioni peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo usimwambie mteja wa Mwanza kwamba utampakilia kwenye ndege kesho.

Ndiyo, binti, uliza. Anauliza mteja akikataa kulipia vifungashio. Mimi siku hizi simtajii. Naweka kwenye bei ya bodi, kama mama lishe anavyoweka mkaa kwenye bei ya wali. Umewahi kudaiwa hela ya mkaa?

Yule wa Dodoma? Nilimpigia miaka baadaye kumwomba radhi. Sikuwa na ushahidi kwamba ni foamu yangu iliyoziua, ilikuwa dhamira tu. Akacheka, akasema alishanisamehe, ila zile bodi bado anazo na nauli ya kuzirudisha ni juu yangu.

Haya, njooni mbele. Kwenye lile beseni kuna bodi mbovu, kila mtu achukue moja, mifuko na foamu viko mezani. Ila kabla ya kushika, pitieni kwanza pale, mguse chuma cha ile kompyuta iliyochomekwa kwenye soketi yenye erthi. Mmoja mmoja, msisukumane.